Reidun na Maneno Aliyoyaficha

Reidun Myrvang wa ghorofa ya tatu haogopi barafu, haogopi giza la Desemba, wala haogopi daktari wa meno. Anachoogopa ni macho ya watu. Mimi naishi chini yake, namjua tangu nilipohamia hapa Gjøvik, miaka chungu nzima sasa, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Maisha yake yote ya kazi aliuza mapazia dukani, na hata leo akitoka nje lazima ageuke atazame juu, aone kama ya kwake yamekaa sawa. Nilimwuliza siku moja ni nani huyo anayeangalia mapazia yake. Akanijibu kwamba wote wanaangalia ila hawasemi, na hao wasiosema ndio wabaya.

Mumewe Oddvar alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliendesha basi la mjini, na mdomo wake haukujua kupumzika. Wakifika kituo cha hospitali alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti kwamba wagonjwa washuke, wazima wabaki wamsaidie kuendesha. Akikukuta kwenye ngazi na mifuko ya sokoni, alikupokea mifuko yote ili usipate pa kukimbilia, kisha akaanza kisa. Reidun alikuwa nyuma yake akimvuta shati taratibu, anyamaze. Ndivyo walivyoishi, mmoja anamwaga, mwenzake anadaka.

Sasa, huku kwetu kila theluji ikishayeyuka, wakazi wote wa majengo yetu hutoka siku moja kufanya usafi. Tunaiita dugnad. Hakuna anayelipwa na hakuna anayelazimishwa, na ukali wake uko hapo hapo, maana asiyelazimishwa akikosa, atajitetea kwa lipi? Tunafagia kokoto zilizomwagwa njiani wakati wa baridi ili watu wasiteleze, tunakusanya majani yaliyooza, tunapaka rangi mabenchi, halafu tunakunywa kahawa na kula vafler, vikeki bapa vya moto vyenye jemu. Mwaka mmoja akina Myrvang walikosa, walikuwa kwenye kibanda chao cha mapumziko kule mlimani. Kjellaug wa ghorofa ya kwanza, mwenyekiti wa wakazi, akasema pale kwenye ngazi, Reidun akiwa anasikia, kwamba wengine wana bahati, kibanda chao kinawaita siku ya dugnad tu. Ni utani, bwana. Lakini Reidun aliumeza kama mwiba wa samaki.

Mwaka uliofuata wakawa wa kwanza kutoka. Oddvar aliamka hajisikii vizuri, akasema labda amelalia vibaya shingo. Reidun akampa glavu zake. Kazi ikiwa imepamba moto, Oddvar aliangusha reki, akaenda kukaa ukingoni mwa kile kisanduku cha mchanga wanachochezea watoto. Akamwambia mkewe kwamba mkono wa kulia umelala, umekufa ganzi, na hautaki kuamka. Watu wote walikuwa wameinama na mafagio yao. Kjellaug peke yake alikuwa ameinua kichwa.

"Simama, Oddvar," Reidun alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu wanatuangalia. Umekaa kama mgeni mwalikwa."

Akasimama. Akashika ufagio kwa mkono wa kushoto, akafagia ile njia yote mpaka kwenye banda la baiskeli, na hapo akaanguka. Na kwa kuwa alikuwa Oddvar, watu walicheka kwanza.

Mimi nilikuwa nyuma ya banda, sikuona ya kisanduku wala kusikia neno. Nilimkuta yuko chini, mdomo umekwenda upande. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika, swali lao la kwanza lilikuwa ameanza lini. Reidun akajibu kwamba ni sasa hivi tu, alikuwa mzima anafagia. Alijibu haraka, macho yake yakiwa si kwao bali kwetu sisi tuliosimama na mareki.

Kiharusi kile hakikumwua Oddvar. Kilimchukua mkono, nusu ya mguu, na maneno. Akili ilibaki, unaiona machoni, anakujua, anaelewa unachosema, anacheka penye kuchekesha, lakini akifungua mdomo hakuna kitu. Loo, mtu yule, kunyamaza! Vilivyobaki ni nyimbo na matusi. Wimbo wa siku ya kuzaliwa aliuimba wote bila kukosea, na akijigonga goti kwenye meza, shetani alitajwa kwa ufasaha wote. Reidun alikuwa akifunga madirisha.

Manispaa ikawaletea mtaalamu wa usemi, binti mmoja anaitwa Ingvild, mwenye kisanduku cha kadi. Alivua viatu mlangoni, akakaa na Oddvar jikoni, akaanza kumjenga upya kama ukuta.

Lugha ya huku ina tabia yake. Watu hawaungi maneno kwa "cha" na "la" kama Waswahili, wanayagandisha. Friji, kwa mfano, kwao ni kjøleskap. Kjøle ni ubaridi, skap ni kabati, basi wanayabana pamoja inakuwa neno moja. La mbele linakwambia ni la namna gani, la mwisho ndilo kitu chenyewe, ndilo mwenye nyumba. Ukitaka unaongeza mbele kadiri pumzi yako inavyoruhusu, mwenye nyumba anabaki pale pale nyuma. Kwa hiyo Ingvild alikuwa na kadi za nusu nusu. Oddvar kazi yake ni kutafuta nusu na mwenzake, kuziweka pamoja mezani, halafu kulisema neno. Kwa kulisema, kwanza unalikata kwenye mshono, pale nusu mbili zilipokutana, kisha kila nusu unaikata tena vipande vidogo vinavyoweza kutosha mdomoni, na kila kipande unakipigia kofi moja mezani. Kjø, le, skap. Makofi matatu. Glavu ya kazi, arbeidshanske, ni makofi manne, ar, beids, han, ske. Hiyo s ya katikati ni uzi wa kushonea tu, lakini Ingvild alisisitiza ibaki na nusu ya kwanza, isivuke mshono, maana ikivuka Oddvar anakwama huko mbele kama basi kwenye theluji.

Kwa muda mrefu sana kila kitu kilikuwa skap. Mkate ni skap, televisheni ni skap, Kjellaug akija kumjulia hali naye ni skap, na hapo nadhani alikusudia. Ingvild hakukata tamaa. Alisema ameshampata mwenye nyumba, sasa atafute mlango. Mimi huku chini nilizoea makofi yao juu ya dari yangu. Siku friji ilipotoka nzima, Reidun alishuka mbio kuja kuniambia, soksi tupu kwenye ngazi za baridi, nywele hazijachanwa, na hakuangalia nani anamwona. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo.

Reidun alikuwa mwalimu mzuri, lazima niseme. Ingvild alikuja mara moja kwa wiki, lakini siku nyingine zote Reidun ndiye aliyepiga meza na mumewe baada ya kahawa ya asubuhi. Maneno yakaanza kurudi. Sykehus, nyumba ya wagonjwa. Sommerfugl, ndege wa kiangazi, ambaye wala si ndege, ni kipepeo, na Oddvar alicheka mpaka akakohoa kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kulisikia neno lenyewe likisema nini. Baadaye akapata na vitenzi. Nataka. Nenda. Acha. Ukiyasikia unafurahi. Lakini mimi nilimwona Reidun akikonda. Nilidhani ni uchovu.

Halafu siku moja, dugnad ya mwaka uliofuata ikiwa imekaribia, zamu yangu ya kufua ilifika, nikashuka kwenye chumba cha mashine za kufulia. Nikamkuta Reidun amekaa kwenye kikapu cha nguo kilichopinduliwa, mashine haizunguki, na mkononi ana kadi. Akazificha kwenye mfuko wa aproni. Mimi sina adabu ya kujifanya sijaona. Nikamwuliza ni nini hicho.

Ndipo akanieleza yote, kuanzia mkono uliolala mpaka ufagio. Kwamba Oddvar alimwambia, na yeye akamwamuru asimame. Kwamba wahudumu wa gari la wagonjwa aliwadanganya. Ingvild, bila kujua, alikuwa amemwambia kwa nia njema kwamba kwenye kiharusi kila dakika inayopita kuna kitu kinakufa kichwani. Tangu siku hiyo, alisema, kila Oddvar anapokwama kwenye neno, yeye analihesabu neno hilo kuwa ni moja ya yale yaliyokufa wakati mumewe anafagia.

"Na anarudi," akaniambia. "Kila siku anarudi kidogo. Mtu anayeweza kusema friji, kesho atasema na lile. Mimi ndiye ninayemfundisha aje kunishitaki."

Nilimwuliza kadi ni za nini. Akazitoa. Ingvild alikuwa ameleta fungu jipya, maneno ya majira ya kuchipua, apate kuzungumza na majirani siku ya dugnad. Glavu za kazi. Ufagio. Kahawa ya dugnad. Na sandkasse, sand ni mchanga, kasse ni sanduku, kile kisanduku cha watoto. Wakati Ingvild anavaa viatu mlangoni, Reidun alichomoa kadi za kahawa ya dugnad na za kisanduku cha mchanga, akamwachia Oddvar zile nyingine.

Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nilimwambia haoni aibu, mgonjwa kapoteza maneno yote, na haya machache anayoletewa mkewe anamwibia? Nilisema na mengine ambayo siyarudii. Alikaa pale kwenye kikapu, mikono mapajani, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anajua, na kwamba alijaribu kuzirudisha kisandukuni jana na juzi, mkono haukukubali. Hasira yangu ikaniacha nimesimama na sabuni ya kufulia. Nilimwambia amweleze Oddvar mwenyewe habari ya kadi na ule uongo, mapema, kabla Oddvar hajaja kumsema yeye. Akasema ndiyo, kama mtu anavyosema ndiyo kwa daktari wa meno. Sikuamini.

Siku ya dugnad ilipofika, Reidun alipanga wasiende. Alikuwa na sababu zote, baridi, mguu, ngazi. Lakini Oddvar alikuwa ameliona tangazo pale chini mlangoni, na asubuhi hiyo alishajivalisha koti, mkono mmoja, vifungo vimepishana. Akasimama mlangoni akasema, "Nenda." Reidun akamwambia wataenda kesho. Oddvar akapiga ukuta. "Nenda."

Basi wakashuka. Watu walifurahi kumwona, wakamzunguka, wakampiga mgongoni. Akakataa kiti alicholetewa. Alijikokota na fimbo yake mpaka kwenye kisanduku cha mchanga, akakaa ukingoni, pale pale. Kjellaug akamwekea chupa za kahawa miguuni, akamtangaza kuwa mlinzi wa kahawa. Reidun alichukua reki, akaenda kukwangua majani upande wa mbali kabisa, akiwa ametupa mgongo.

Wakati wa mapumziko tulikusanyika pale penye kahawa, ukungu wa ziwa lililo mbele ya mji ukiwa umeanza kuondoka. Vafler zilikuwa zinapita kwenye sinia. Reidun ilimbidi aje, angebaki kule peke yake watu wangesema. Akasimama nyuma ya wote, kikombe cha kahawa mkono mmoja, reki mkono wa pili. Na Kjellaug, ambaye hawezi kuliacha jambo likapoa, akainama mbele ya Oddvar, akasema kwa sauti ile tunayowasemesha wagonjwa:

"Oddvar, unaikumbuka siku ile? Ilikuwaje, hata tusione kitu?"

Mimi nilikuwa kando ya Reidun. Nikauliza jemu iko wapi, hakuna aliyegeuka.

Oddvar aliweka kikombe chini. Akainua mkono wa kushoto, akaanza kujipiga pajani. Kofi moja. Akasubiri. Kofi la pili na la tatu.

"Sand," alisema. "Kas. Se."

Reidun alifumba macho. Neno hilo hakufundishwa na mtu. Kadi zake zilikuwa bado kwenye aproni kule juu. Alilitafuta mwenyewe, sijui lini, sijui wapi, labda usingizini, akalishona peke yake.

"Nilikaa," Oddvar akaendelea, na kila neno lilikuja na jasho. "Mkono. Lala." Akaonyesha ule wa kulia. Halafu akamtafuta mkewe kwa macho katikati ya watu mpaka akampata. "Reidun. Aliona. Reidun alisema... kaa. Alisema... pumzika." Kofi la mwisho. "Mimi. Kichwa. Kigumu. Nikasimama."

Watu wakasema aa. Kjellaug akamgeukia Reidun kwa uso wa huruma, akasema wanaume ndivyo walivyo, ukiwaambia wakae wao wanasimama. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Wengine wakacheka kidogo, kwa upendo. Na Oddvar pale alipokaa, jicho lake zima likamkonyeza mkewe, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye kioo cha basi.

Hebu fikirieni. Mtu anakaa mwaka mzima anapiga meza, anajenga neno juu ya neno, na habari yake ndefu ya kwanza mbele ya watu anaitumia kumsemea mkewe uongo. Mlango ulikuwa wazi kwa Reidun, alichohitaji ni kunywa kahawa yake tu. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mimi, na mimi nilishaamua kufunga mdomo.

Reidun alifungua macho. Uso wake ulikuwa mweupe kama jasi.

"Si kweli," akasema. "Hakuwa kichwa kigumu. Aliniambia mkono umelala. Nikamwambia asimame kwa sababu mnatuangalia. Na wahudumu wa gari la wagonjwa nikawaambia ameanguka hivi hivi tu. Nilidanganya. Na maneno yake mengine nimemficha."

Sinia la vafler lilibaki limeshikwa hewani. Kjellaug aliyatazama majani chini, shingo imemwiva. Kisha akasema kwamba ni kweli, alikuwa anaangalia. Alimwona Oddvar amekaa, na alichowaza ni kwamba akina Myrvang wameanza tena. Alisema hivyo kisha akajifanya anatafuta vijiko.

Na Oddvar? Oddvar alikasirika. Alimtaja shetani kwa sauti iliyofika barabarani, mara mbili, bila kukwama hata kidogo. Kazi yake yote ile, na mwanamke huyu anaibomoa mbele za watu. Alitupa fimbo kwenye mchanga. Reidun alikuwa analia sasa, waziwazi, pua inamwagika, reki bado mkononi kama askari na bunduki. Alimwomba msamaha kwa maneno ya kawaida kabisa, na Oddvar hakumjibu, na sikumlaumu. Hata leo sijui kama alishamsamehe. Pengine lipo jibu, halijapata vipande vyake.

Watu wakaanza kurudi kazini mmoja mmoja, maana wafanye nini kingine. Mafagio yakaanza kusikika tena. Reidun alijifuta kwa glavu, akageuka aende kwenye majani yake.

Oddvar akapiga ukingo wa kisanduku kwa kiganja, ubao ulio kando yake. Kofi moja tu, maana neno lenyewe kwa lugha ya huku lina kipande kimoja.

"Kaa," alisema.

Reidun aliangalia huku na huku. Wote tulikuwa tumesimama, wote tunafagia, Kjellaug alikuwa hatua chache kutoka pale. Niliona mabega yake yakipanda kama zamani. Kisha akalaza reki kwenye majani, akakaa kando ya mumewe, saa ya kazi, watu wakimwona.